Kutumia kasoro ya programu kwenye gemu za mkakati mtandaoni: ujanja au wizi?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo limeigawa klani yetu, nimeona nililete jamvini kwa sababu najua wengi wenu mnaocheza gemu za mkakati limeshawakuta au liko njiani. Mchezaji akigundua kasoro kwenye programu, kasoro inayompa askari, dhahabu au nafasi ambayo wenzake hawana, ana haki ya kuitumia?

Nimezoea kusikia majibu mawili. Wapo wanaosema seva ikikubali basi ni halali, kuziba matundu ni kazi ya kampuni. Wapo wanaosema chochote ambacho watengenezaji hawakukikusudia ni wizi. Mimi sikubaliani na upande wowote. Ninachoangalia ni kama jambo hilo unaweza kulifanya hadharani, mpinzani wako akiona na waliotengeneza gemu wakiona, na mpinzani bado akabaki na namna ya kujibu ndani ya mchezo. Kama unalazimika kulificha ili liendelee kukulipa, wewe mwenyewe umeshajua ni kitu gani.

Naleta mifano, maana mjadala huu bila mifano huishia kwenye matusi.

Tuanze na StarCraft, gemu ya vita ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka 1998. Walioicheza wanajua kwamba huwezi kuchagua zaidi ya vitengo 12 kwa mpigo. Wachezaji wa Zerg (upande wa viumbe wa ajabu) waligundua kwamba ukichagua mutalisk 11, yaani viumbe wao wa kivita wanaoruka, halafu ukaongeza overlord mmoja (kiumbe wao mwingine, wa polepole) uliyemwacha mbali huko kwenye kona ya ramani, wale 11 hawaruki tena kwa kutawanyika. Wanabanana mpaka wanaonekana kama mmoja. Sababu ni kwamba programu hutunza mpangilio wa kikosi pale tu kinapokuwa karibu karibu. Mmoja akiwa mbali sana, wote wanaamriwa kwenda kwenye nukta ileile. Uwanjani tofauti yake ni kubwa: wote wanashambulia kwa pamoja, marine, askari wa Terran (upande wa binadamu), anaanguka kabla hajajibu, na Terran akitaka kummalizia yule aliyejeruhiwa hampati, maana wote wamelaliana.

Hakuna mtu pale Blizzard aliyekusudia hivyo. Lakini mbinu hiyo ilichezwa mbele ya kamera za televisheni Korea Kusini, kila Zerg aliyetaka alijifunza, na Terran nao wakatafuta dawa. Kubanana kwenyewe kuna hatari yake: science vessel (chombo cha angani cha Terran) akimwagia mmoja mionzi, walio juu yake wanaungua pia. Ikawa sehemu ya mchezo, tena sehemu nzuri, yenye kuhitaji vidole na jicho. Mwaka 2017 Blizzard walipotoa toleo la Remastered waliboresha picha na sauti, uchezaji wakauacha ulivyo, na mbinu hiyo ikabaki.

Kwenye gemu hiyohiyo kuna jingine lililokataliwa. Terran anatega mabomu ya ardhini, kisha anaingia kwenye menyu ya ushirikiano na kumweka adui kama rafiki. Mabomu yanatulia, jeshi la adui linapita juu yake bila wasiwasi. Likifika katikati, anaondoa urafiki na yote yanalipuka kwa mpigo. Katika mashindano ya kulipwa Korea hilo lilipigwa marufuku, na naliunga mkono kabisa katazo hilo. Menyu ile haipo uwanjani. Ni kitufe cha pembeni kilichowekwa kwa mechi za timu, na mpinzani aliyeko vitani hana kitengo wala mbinu ya kukizuia.

Sasa njoo Dota 2, gemu ya kampuni ya Valve ambayo timu mbili za mashujaa hupigana. Agosti 2013, Seattle, mashindano ya The International, timu ya Na'Vi ya Ukraine dhidi ya timu ya TongFu ya China. Mchezo wa tatu, Na'Vi wako hali mbaya. Kati ya mashujaa wao wamo Pudge mwenye ndoano yake na Chen mwenye uwezo wa kumrudisha mwenzake nyumbani. Wakafanya hivi: Chen anamwagizia Pudge safari ya kurudi, Pudge anahesabu, anarusha ndoano sekunde ya mwisho kabla hajaondoka. Ndoano inamnasa adui, lakini Pudge ameshafika nyumbani kwenye chemchemi. Kwa kuwa ndoano humvuta mtu mpaka pale Pudge alipo, adui anaburuzwa ramani nzima na kutua kwenye chemchemi hiyo, ambayo humuua adui. Walirudia, wakageuza mchezo, wakashinda. Kelele zilikuwa nyingi: kasoro au ustadi? Na'Vi walifika fainali wakafungwa 3 kwa 2 na Alliance. Baadaye Valve wakaiondoa mbinu hiyo, na hakuna aliyenyang'anywa chochote.

Mimi naona Valve walitenda haki mara mbili, kwa kuliacha tokeo na kwa kuziba tundu. Mbinu ile ilikuwa inajulikana kabla ya siku ile. TongFu walikuwa na hatua ya kukataza mashujaa kabla ya mchezo, wangeweza kumzuia Pudge au Chen. Ndoano ikikosa, Na'Vi wamepoteza muda na mtu. Kila kitu kilikuwa mezani, na maelfu ya watu wakitazama.

Mfano ulionifanya nishike msimamo huu ni wa EVE Online, gemu ya anga ya kampuni ya CCP ya Iceland, inayochezwa tangu 2003. Wasioijua: wachezaji wanaishi kwenye ulimwengu mmoja, wanachimba madini, wanajenga meli, wanauziana kwenye soko lao wenyewe na wanapigana vita vya muungano kwa muungano. Januari 2014 kulipiganwa vita moja kwenye mfumo wa B-R5RB ambapo meli kubwa kabisa za daraja la Titan zaidi ya 70 ziliteketezwa, na hasara ikakadiriwa kufika dola laki tatu kwa thamani ya pesa halisi. Kwa hiyo mali ya mle ndani siyo picha tu. Ni miezi ya kazi ya watu.

Kwenye EVE kumdanganya mtu kunaruhusiwa. Mwaka 2005 kundi la Guiding Hand Social Club lilipenyeza watu wake ndani ya shirika la wachezaji wengine, wakakaa humo kwa miezi mingi, wakapandishwa vyeo, wakaaminiwa funguo za maghala. Siku ikafika, wakamuua kiongozi na kubeba kila kitu. CCP hawakumwadhibu mtu. Usaliti ni sehemu ya gemu ile, na kila anayeingia anaambiwa hivyo.

Desemba 2008, kampuni hiyohiyo ikafunga akaunti za wachezaji moja kwa moja. Kosa lao halikuwa kumwibia yeyote kwa macho. Waligundua kwamba mitambo ya kuchakata madini kwenye vituo vya anga, ikichezewa kwa namna fulani, inaendelea kutoa bidhaa bila kulishwa malighafi. Wakakaa kimya, wakazalisha kwa muda mrefu, wakauza sokoni kama wafanyabiashara wa kawaida. Wachimbaji waaminifu waliokuwa wakilipia mafuta ya vituo, wakisafirisha malighafi kwa hatari ya kuvamiwa njiani, walikuwa wanashindana kwa bei na mtu asiyekuwa na gharama yoyote. Na hawakujua! Mtambo uliposimama, bei za bidhaa zile zikapanda, ndipo watu wakaona ukubwa wa mzigo uliokuwa ukiingia kutoka hewani.

Hebu zitazameni kesi hizi mbili pamoja. Jasusi wa 2005 alimshinda mtu. Yule kiongozi angeweza kuwa mwangalifu zaidi, kugawa funguo, kupeleleza watu wake. Wa 2008 hawakumshinda mtu yeyote. Waliishinda hesabu ya seva, na bili wakapelekewa wote waliokuwa sokoni.

Sasa kilichonileta. Kwenye klani yetu (gemu sitaitaja, ni ya simu, ya kujenga miji na kupigana) kijana mmoja aligundua kwamba akituma msafara wa rasilimali kwa mwenzake na akafanya jambo fulani kwenye mtandao kwa wakati fulani, msafara unafika na mzigo unabaki ghalani kwake vilevile. Hakusema. Akawagawia rafiki zake. Ngome zikaanza kupanda daraja kwa kasi ambayo haiwezekani, na klani tuliyokuwa tunapigana nayo wakaniuliza kwa heshima tu, "Kaka, mnalima wapi?" Nikamwita kijana faragha. Hakubisha, lakini alinipa hoja ambayo sikutaka kuipuuza. Alisema: "Bro, wale wa juu wananunua almasi za gemu kwa dola kila wiki. Mimi sina kadi ya benki, nacheza kwa bando la kuungaunga. Gemu yenyewe imeshauzwa. Hii kasoro ndiyo pekee inayotufanya tulingane nao."

Nilikaa na hoja hiyo. Ni kweli gemu nyingi za simu zimejengwa ili mwenye fedha apite mbele, na hilo ni dhuluma ya aina yake, ninalichukia. Lakini tazama ni nani anayeumia. Mnunuzi wa almasi akipigwa leo, kesho ananunua tena. Anayeumia ni yule aliye daraja moja chini ya kijana wetu, naye pia hana kadi, naye pia anaunga bando, anayekusanya mawe na mbao kidogo kidogo akiamini kwamba aliyemzidi amemzidi kwa kucheza vizuri. Almasi zinaonekana, unaona kabisa huyu amelipia. Huu mzigo mwingine hauonekani. Hasira yetu kwa kampuni hatuwezi kuilipizia kwa mtu wa hali yetu.

Naomba maoni yenu kabla sijaamua cha kufanya. Nawasilisha.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila nakupinga. Gemu ya mkakati maana yake ni kutafuta upenyo ambao mwenzako hajauona. Kwenye chesi mpinzani akiacha malkia wazi unamwambia? Unakula. Mimi nikisoma sheria za gemu kwa undani kuliko wewe, hadi nikaona mahali zinapovuja, hiyo ni akili. Mambo ya "nia ya mtengenezaji" hatuwezi kuyajua, tunachokijua ni kile ambacho seva inakubali. Kampuni ina wahandisi wanaolipwa mishahara. Kwa nini mimi nifanye kazi yao bure?

#3

Mkuu mleta uzi, hiyo njia ya msafara nitumie inbox nijaribu tu.

#4 – Mleta uzi

#3, sitaituma kwako wala kwa mtu mwingine, naomba unisamehe.

#2, malkia aliyeachwa wazi ni kosa la mpinzani, na ndiyo raha ya chesi. Lakini tuseme mnacheza chesi mtandaoni, ukagundua kwamba ukibofya mara mbili haraka, farasi wako aliyekufa anarudi ubaoni. Hapo hujamzidi mpinzani akili. Yeye anaweza kuwa bingwa wa dunia, hana hatua ya kujibu. Upenyo wa kwanza uko kati yako na yeye, wa pili uko kati yako na programu, na yeye hata hayumo. Ndiyo maana sikulipinga lile la mutalisk.

Kuhusu nia ya mtengenezaji tunakubaliana kuliko unavyodhani. Sijaitumia kama kipimo mahali popote hapo juu.

#5

Habari zenu. Mimi ni mwandishi wa programu hapa Nairobi, si za gemu lakini za malipo, na ugonjwa ni uleule. Kijana wa mleta uzi, bila kujua njia yake kamili, nahisi amekutana na hali hii: seva inapokea ombi la kutuma mzigo, inaangalia kama ghala lina kiasi hicho, inampa mpokeaji, halafu ndipo inapunguza kwa mtumaji. Hatua hizo zikiandikwa kama vitu vinne tofauti badala ya kitu kimoja kisichogawanyika, mtandao ukikatika katikati, hatua ya mwisho inaweza isifanyike. Mpokeaji amepata, mtumaji hajakatwa. Dawa yake inafahamika miaka mingi: ama hatua zote zifanyike, ama zote zifutwe. Kwa hiyo lawama ya kwanza ni ya kampuni, hilo tusilifunike.

Ila kasoro hutokea hata kwa wakubwa. Mei 2013 Diablo III ilipata sasisho lililobadili namna dhahabu inavyouzwa kwenye mnada wa gemu. Ikaonekana kwamba mtu akiweka dhahabu nyingi mnadani kisha akaghairi, anarudishiwa kuliko alichoweka. Kwa saa chache soko lilivurugika, na soko lenyewe lilikuwa la pesa halisi. Blizzard wakafunga mnada. Wangeweza kurudisha seva nyuma kwa wote, wakakataa kwa sababu wachezaji wasio na hatia wangepoteza walichovuna siku ile. Badala yake walipitia kumbukumbu, wakazishughulikia akaunti 415, wakairudisha sehemu kubwa ya dhahabu, na walichopata kwenye mauzo hayo wakasema watakitoa kwa hospitali za watoto.

Ninachokipenda pale ni kwamba mzigo haukubebeshwa wote. Kampuni ikiziba tundu kwa kumnyang'anya kila mtu, imewaadhibu waaminifu mara mbili.

#6

Kwa upande wangu hili siyo nadharia. Mimi ndiye yule "aliye daraja moja chini". Nacheza na mdogo wangu, tunaamka alfajiri kukusanya mashamba kabla hayajavamiwa, kisha naingia kazini. Msimu uliopita tulipoteza nafasi ya kupanda ligi kwa klani ambayo baadaye ilifahamika wote walikuwa wanazalisha askari kwa kasoro. Kampuni ilifunga akaunti chache, basi. Nafasi yetu haikurudi, msimu ulikuwa umeisha. Wanaosema hakuna aliyeumia waje wanieleze mimi. Na kilichoniuma zaidi siyo kushindwa. Ni kwamba kwa wiki nzima nilikuwa narudia rekodi za vita nikitafuta nilikosea wapi, nabadilisha mpangilio wa minara, namlaumu mdogo wangu. Hakukuwa na kosa la kutafuta.

#7

Tuwe wakweli, kuripoti nako kuna hatari. Ukiandika kwa kampuni kwamba umegundua kasoro, umekiri kwamba umeifanya angalau mara moja. Nimeona watu wakifungiwa akaunti kwa barua yao wenyewe. Wengine hawajibiwi kabisa. Halafu ile mifano ya EVE mleta uzi ameruka mmoja mgumu, wa 2012. Pale hakuna mtambo ulioharibika. Aeleze.

#8 – Mleta uzi

Dada wa #6, asante. Hiyo sehemu ya kutafuta kosa lisilokuwepo sikuwa nimeifikiria, na nadhani ndiyo hasara kubwa kuliko kombe. Gemu ya mkakati inakufundisha kwa kushindwa. Mtu akitumia kasoro kwa siri, kushindwa kwako hakukufundishi kitu, kunakupotosha.

#7, sikuiruka kwa kuikwepa, uzi ulikuwa umeshakuwa mrefu. Niieleze sasa.

Katikati ya 2012 CCP walileta mfumo mpya: ukilipua meli ya adui kwenye vita vya madola, unalipwa pointi kulingana na thamani ya ulichokilipua, na thamani hiyo seva inaisoma kutoka bei za sokoni. Wachezaji watano wakatafuta bidhaa ambazo karibu hakuna anayeziuza wala kuzinunua. Wakauziana wao kwa wao kwa bei za juu mno, bei ya wastani ikapanda. Kisha wakazipakia kwenye meli za akaunti zao upande wa adui na kuzilipua wenyewe. Pointi zikamiminika, wakazigeuza bidhaa, na hesabu ikafika kama trilioni 5 za ISK, sarafu ya mle ndani. CCP wakachukua faida ile, lakini akaunti hazikufungwa.

Ni ngumu kweli. Kila hatua ilikuwa halali ikisimama peke yake: kuuza kwa bei uitakayo ni halali, kulipua meli ni halali. Seva ilifanya kile ilichoandikiwa. Lililokuwa na kasoro ni wazo la kuamini bei ya soko ambalo watu wawili wanaweza kulitengeneza chumbani. Na kuchezea soko ndiyo EVE yenyewe, watu wanasifiwa kwa hilo. Hata hivyo mpinzani wa mchezo huo alikuwa nani? Hakuwepo. Aliyelipuliwa na aliyelipua ni watu walewale. Naona ndiyo sababu uamuzi ulikuwa sahihi: wapokonywe, maana mali ilitoka hewani na ingemwagika sokoni kwa wote, lakini wasifukuzwe, maana mstari ulikuwa umefutika na hata mtu mwenye nia safi angeweza kuuvuka akijiona mfanyabiashara hodari. Adhabu ipimwe kwa jinsi mtu alivyoweza kujua.

Kuhusu hatari ya kuripoti, unachosema kipo. Lakini kukaa kimya nako kumewaponza watu. Septemba 2020 tume ya uadilifu ya michezo ya kompyuta, ESIC, iliwaadhibu makocha 37 wa Counter-Strike, gemu ya timu ya kupigana kwa bunduki, kwa mpigo. Kulikuwa na kasoro iliyogandisha kamera ya kocha mahali fulani kwenye ramani, akawa anaona ambacho hakupaswa kukiona. Wengine iliwatokea tu, hawakuitafuta. Tume ilipima: ilitokea mechi ngapi, raundi ngapi, ulibaki unaangalia au ulitoka, ulikuja kukiri mwenyewe au umesubiri kukamatwa. Waliokiri walipunguziwa. Kocha ambaye kamera yake imeganda halafu akanyoosha mkono kwa refa hapo hapo hana kesi.

#9

Mimi bado niko na #2 nusu. Wakala akikosea akakuwekea laki badala ya elfu kumi, sheria inasema rudisha, sawa. Lakini hapo kuna mtu mmoja aliyepoteza tisini elfu, namwona, ana sura. Kwenye gemu kampuni inazalisha dhahabu kwa kubofya. Nikiwa nayo zaidi, kampuni imepungukiwa na nini?

#10

#9, soma tena #6. Kampuni haijapungukiwa. Dada yetu ndiye aliyepungukiwa.

#11

Naongezea alichosema mkuu wa Nairobi kuhusu kampuni. Guild Wars 2 ilipotoka Agosti 2012, kuna wauzaji wa mle ndani waliowekewa silaha kwa bei iliyokosewa, ndogo kupita kiasi. Waliotumia kasoro hiyo kidogo walisimamishwa kwa muda tu. Walionunua kwa mamia wakazigeuza malighafi za thamani walifungiwa moja kwa moja. Halafu ArenaNet, kampuni ya gemu hiyo, wakafanya jambo ambalo sijaliona kwa kampuni nyingi: wakawaambia waliofungiwa, kama ni mara yako ya kwanza, andika kwamba utafuta ulivyovinunua na faida yake, tutakurudisha. Nadhani klani ya mleta uzi inaweza kutumia njia hiyo kwa kijana wao. Kumfukuza ni rahisi, ataingia klani nyingine na njia yake kichwani.

#12 – Mleta uzi

#11, umenisaidia sana. Nimekaa na viongozi wenzangu usiku wa jana, pamoja na wale wawili walioko Muscat, na kijana mwenyewe tulimpa nafasi ya kusema kabla hatujaamua. Tumekubaliana hivi.

Kijana hafukuzwi. Ameandika mwenyewe kwa kampuni, kwa jina la akaunti yake, ameeleza hatua kwa hatua jinsi inavyotokea na lini alianza, na mimi nimeweka jina langu chini kama kiongozi ili asibebe peke yake. Barua ina rekodi ya skrini. Njia yenyewe haitajwi popote kwenye grupu letu wala hapa hadi izibwe. Kwenye barua tumeomba pia jambo moja kwa ajili ya watu kama dada wa #6: kampuni ikithibitisha, matokeo ya vita vyetu vya kipindi kile yafutwe, hata kama tutashuka ligi. Wawili kwenye uongozi walipinga hilo kwa nguvu sana. Lilipita kwa kura.

Na lile la bando na kadi ya benki halijafutika. Kijana aliuliza kikaoni, sasa tutapandaje? Jibu langu lilikuwa kwamba klani ina watu wanaocheza vizuri kuliko wanunuzi wengi wa almasi, na kuna ligi zinazopanga watu kwa uwezo wa ngome ambako fedha haimbebi mtu sana. Tunahamia huko msimu ujao. Siyo jibu kamili, najua.

#13

Safi. Swali moja tu: wale waliopokea mizigo bila kujua imetoka wapi? Nao?

#14 – Mleta uzi

Aliyepokea bila kujua haadhibiwi. Kilichobaki ghalani kwake kinakaa bila kuguswa hadi kampuni ijibu, na wote wamekubali. Tatizo ni kuta zilizokwisha kujengwa kwa mzigo ule, hizo huwezi kuzishusha daraja, gemu haina uwezo huo. Kwa hiyo wenye ngome hizo hawaingii vitani msimu huu, wanabaki kufundisha wageni na kutazama rekodi. Orodha yao nimeibandika kwenye grupu leo mchana, na nakala nimemtumia kiongozi wa klani tunayokutana nayo Jumamosi ili ajue nani atamwona uwanjani na nani hatamwona, na kwa nini.